Kisu cha mvuvi: bei ndogo, lakini si kisu chochote

Alfajiri, mitumbwi inaporudi Uvira, Baraka ao Kalemie, kazi haijaisha. Kuna kamba iliyokaza mpaka vidole haviwezi kuifungua. Kuna wavu uliopasuka unaongoja kushonwa. Kuna mukeke mmoja wa kupasuliwa kwa ajili ya chakula cha wapiga kasia. Kwa kazi hizo zote mkono unatafuta kitu kimoja: kisu. Anayekiomba kwa jirani kila siku anajulikana ufukoni, na jirani naye anachoka.

Sokoni visu vya kukunja havikosi. Vinapangwa pamoja na tochi, kufuli na betri za redio, vinang'aa, na bei yake haitishi. Wengi wanachagua kwa macho: kile chenye rangi nzuri, chenye meno mgongoni, chenye kifungua chupa na kijibisibisi. Wiki chache baadaye bapa linatikisika, makali yamekwisha, na kisu kinabaki nyumbani kufungulia makopo ya nyanya.

Hasara si dola zile mbili ao tatu tu. Kisu butu kinalazimisha mkono kusukuma kwa nguvu, na mkono unaosukuma kwa nguvu juu ya samaki anayeteleza ndio unaokatika. Kisu kinachojikunja chenyewe kinafunga juu ya vidole vya mwenyewe. Mvuvi mwenye kidole kilichopasuka hawezi kuvuta wavu, na familia inayongoja samaki haina siku ya mapumziko. Basi swali la kisu cha bei ndogo linastahili kujibiwa kwa utulivu kabla ya kutoa pesa.

Kazi kwanza, kisu baadaye

Hakuna kisu kimoja kinachofaa kila ziwa. Kwenye ziwa Kivu, wavuvi wa sambaza wanatoka usiku na mitumbwi mitatu iliyounganishwa kwa miti mirefu, taa zikiwaka kuvuta samaki. Sambaza, samaki mdogo aliyeletwa huko kutoka ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, hapasuliwi: anaanikwa ao kukaangwa mzima. Kwa mvuvi huyo kisu ni cha kamba, nyuzi na nyavu. Ncha kali haimsaidii kitu, na katika mtumbwi uliojaa watu gizani inaweza kuchoma mwenzake.

Kwenye ziwa Tanganyika hali ni ileile kwa wanaovua ndagala. Lakini anayepata mukeke na sangala anahitaji bapa jembamba lenye ncha, linaloingia tumboni bila kupasua nyongo. Kwenye ziwa Edward, huko Vitshumbi na Kyavinyonge, kuna tilapia mwenye magamba magumu na kambale mwenye kichwa kama jiwe. Kichwa cha kambale si kazi ya kisu cha mfukoni. Anayekilazimisha anavunja ncha ao kulegeza msumari wa katikati. Kwa kazi hiyo panga dogo lipo.

Nchi kavu nako kuna kazi: motari anayekata ukanda wa mpira wa kufungia mzigo, mama anayefungua gunia la unga, mwanafunzi anayemenya muwa. Kwa kazi nyingi kama hizo, bapa la sentimita 7 mpaka 9 linatosha. Likipita hapo kisu kinakuwa kizito mfukoni na kinaanza kuonekana kama silaha. Likipungua sana, halifiki upande wa pili wa samaki.

Jambo moja zaidi: kisu kilichotoka tumboni mwa samaki kisikate avoka kabla ya kuoshwa kwa sabuni, pamoja na ule mfereji wa mpini ambamo bapa linalala. Ndipo damu na magamba yanapojificha.

Inoksi, kaboni na uongo wa sumaku

Vyuma vya visu vya bei ndogo viko vya aina mbili. Kuna chuma cha kaboni, kinachopata makali haraka na kunoleka hata kwa jiwe la kawaida, lakini kinashika kutu kikiachwa na maji. Na kuna inoksi, inayovumilia maji na damu ya samaki, lakini ile ya bei ya chini mara nyingi ni laini na inapoteza makali upesi.

Kwa mtu anayeshinda majini, inoksi nzuri ndiyo chaguo rahisi zaidi. Kwa mtu wa nchi kavu aliye na tabia ya kufuta kisu chake kila mara, kaboni inampa makali mazuri kwa pesa kidogo. Kisu cha kaboni kinageuka rangi ya kijivu baada ya kukata samaki na malimau. Rangi hiyo si ugonjwa: inapunguza kutu. Kutu ya kweli ni nyekundu, na hiyo inatakiwa kusuguliwa mara moja.

Wachuuzi wengi wanatoa ushahidi wa sumaku: ikikosa kunasa, wanasema, hiyo ndiyo inoksi ya kweli. Kwa kijiko ao sufuria maneno hayo yana msingi. Kwa kisu yanapotosha. Inoksi ya vijiko kwa kawaida hainaswi na sumaku, lakini pia haiwezi kugumishwa kwa moto ikashika makali. Inoksi ya visu inagumishwa kwa moto, na sumaku inaikamata. Kisu ambacho sumaku haikikamati kabisa kinatakiwa kutiliwa mashaka.

Maandishi juu ya bapa nayo hayatoshi. Neno linalosema kwamba chuma hakishiki kutu halielezi ugumu wake. Namba 420 ao 3Cr13 zinaonyesha inoksi laini: inanoleka kwa urahisi, lakini inahitaji kunolewa mara kwa mara. 12C27, chuma cha asili ya Sweden, ni kati ya vile vinavyoheshimika kwenye visu vya bei ya kadiri. Lakini mwigaji anaweza kuandika namba yoyote, kwa hiyo mkono na jicho vinabaki mashahidi wakubwa.

Kisu chenye jina la mnyama wa Ituri

Kati ya visu vya kukunja vya bei ndogo vilivyotembea Afrika, kimoja kina jina la nyumbani. Okapi, mnyama anayeishi porini katika RDC peke yake, alitambulishwa kwa wanasayansi wa Ulaya mwaka 1901. Mwaka uliofuata, 1902, kisu chenye jina lake kilianza kutengenezwa Ujerumani kwa ajili ya makoloni yake ya Afrika, ambayo wakati huo yalifika mpaka ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Tangu 1988 kinatengenezwa Afrika Kusini.

Okapi ina mpini wa mbao wenye alama za mwezi na nyota, bapa la chuma cha kaboni, na kwenye aina nyingi pete ndogo mgongoni. Kisu kikifunguliwa kinalia tik-tik-tik, na pete ndiyo inayovutwa ili kukikunja. Uzuri wake ni bei na urahisi wa kukinoa. Ubaya wake ni mbili: kinashika kutu, na ncha yake ndefu imekipa jina baya. Huko Afrika Kusini watu wengi wanakihusisha na wahuni, hata kama wakulima na wafanyakazi wanakitumia kwa kazi halali.

Kingine kinachojulikana na wanaosema Kifaransa ni Opinel, kilichobuniwa na Joseph Opinel katika milima ya Savoie, Ufaransa, mwaka 1890. Ukubwa unaopendwa zaidi ni namba 8, wenye bapa la sentimita 8 na nusu. Tangu 1955 kimekuwa na pete ya chuma shingoni: ikizungushwa, bapa haliwezi kujikunja. Kinapatikana kwa kaboni na kwa inoksi. Mvuvi achukue ya inoksi, lakini ajue kwamba mpini wa mbao ukinywa maji unavimba na kubana bapa. Watu wa Savoie wana dawa yao: wanagonga mwisho wa mpini juu ya kitu kigumu, na bapa linatoka kidogo mpaka vidole viweze kulivuta.

Kisha kuna Mora wa Sweden, kisu kisichokunjika, chenye mpini wa plastiki na ala ya plastiki. Si kisu cha mfukoni, na kwa majini hiyo ndiyo sababu ya kukitaja. Hakina msumari wa kulegea wala mfereji wa kuficha damu. Kinaoshwa kwa kuchovya tu.

Wa mwisho katika hesabu hii hana kiwanda. Ni mhunzi wa kijiji. Wahunzi wengi wanatumia springi za magari mabovu, na chuma hicho kina kaboni ya kutosha kushika makali ya kweli kikigumishwa vizuri. Kisu cha mhunzi anayejua moto wake kinaweza kushinda kile kinachong'aa sokoni. Tena mnunuzi anaweza kukirudisha kwa aliyekitengeneza kama kimekunjika, jambo ambalo mchuuzi wa barabarani hakubali.

Dakika tano mbele ya mchuuzi

Kabla ya kulipa, mnunuzi akifungue kisu na kushika bapa kwa upande usiokata, kisha alitikise kushoto na kulia. Likicheza kikiwa kipya, baada ya mwezi litacheza zaidi. Akikifunga, bapa lilale katikati ya mpini. Likigusa upande mmoja, makali yatakwisha kila linapoingia.

Kifungio, yaani kile kinachozuia bapa lisijikunje, kinapimwa kwa kugonga mgongo wa kisu polepole juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Kikiachia kwa pigo dogo, kitaachia pia siku mkono utakapoteleza. Visu vidogo visivyo na kifungio si vibaya kwa kumenya na kukata nyuzi, lakini visitumiwe kwa kuchoma ao kusukuma.

Makali yatazamwe kwenye mwanga wa jua, kisu kikiwa kimeelekezwa machoni. Makali ya kweli hayaonekani. Pahali panapong'aa kama uzi mweupe ni butu ao pamemeguka. Mpini ushikwe kwa mkono ulioloweshwa, kwa sababu plastiki laini inayopendeza dukani inakuwa kama sabuni ikipata ute wa samaki. Na mwisho, kuwe na tundu la kupitisha kamba. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1.470, na kisu kilichoanguka humo hakina wa kukifuata. Kamba ya nailoni yenye rangi ya kuonekana inazuia hasara hiyo.

Vijiko, mikasi na vijisibisi vinavyokunjwa ndani ya mpini mmoja vinaongeza bei bila kuongeza makali. Kwa pesa ndogo, ni afadhali bapa moja la kuaminika kuliko vyombo kumi vinavyotikisika. Meno ya msumeno nayo yanakata kamba kwa haraka, lakini kuyanoa nyumbani ni taabu. Bapa lisilo na meno, likiwa kali, linakata kamba ileile.

Hesabu ya mwaka

Bei ndogo inapimwa kwa mwaka, si kwa siku ya sokoni. Mfano ni huu: anayenunua kisu cha dola 3 na kukitupa kila miezi mitatu ametoa dola 12 mwisho wa mwaka, na hana kisu. Aliyenunua cha dola 12 na jiwe la dola 3 ametoa 15, na mwaka wa pili hatoi kitu. Lakini hesabu hiyo inakubali kwa sharti moja: jiwe litumiwe. Kisu cha dola 12 ambacho hakinolewi kinakuwa sawa na cha dola 3.

Kunoa kunahitaji kujua mlalo. Kisu kikisimamishwa wima juu ya jiwe, kisha kulazwa nusu, na tena nusu, mlalo unaobaki ni wa digrii 22 hivi. Kwa kisu cha samaki kilazwe kidogo zaidi ya hapo. Upande mmoja unavutwa mara kumi, na upande wa pili vilevile, kwa maji, bila kukandamiza. Asiye na jiwe ageuze kikombe cha kauri: ile duara ya chini isiyo na rangi ya kung'aa inarudisha makali yaliyochoka.

Tahadhari moja ni kwa gurudumu la umeme la mafundi wa sokoni. Linanoa haraka, lakini linachoma. Makali yakigeuka rangi ya bluu, ugumu wa chuma umeondoka pahali hapo, na kisu hakitashika makali mpaka sehemu hiyo iishe kwa kunolewa. Fundi mzuri anachovya kisu ndani ya maji kila mara.

Baada ya kazi, kisu kinaoshwa, kinafutwa, na kuachwa wazi mpaka kikauke. Tone la mafuta ya cherehani linatosha kwenye msumari. Mafuta ya kupikia yapakwe kidogo tu juu ya bapa. Yakiingia kwenye msumari yanaganda na kunata.

Mfukoni, barabarani na kwenye barieri

Katika majimbo ambapo watu wamechoshwa na vita, kisu hakionekani kwa jicho moja. Kile ambacho ufukoni ni chombo cha kazi, kwenye barieri usiku kinaweza kuleta maswali marefu kwa kijana anayekibeba. Kwa sababu hiyo umbo la kisu ni sehemu ya uchaguzi. Kisu kifupi, cha mpini wa mbao, chenye harufu ya samaki na kilichofungwa pamoja na nyavu kinajieleza chenyewe. Kisu kirefu cheusi kinachofunguka kwa kubonyeza, kikining'inia kiunoni, kinaeleza jambo lingine.

Wanaotembea mbali wanakiacha ndani ya mfuko wa vyombo, kikiwa kimekunjwa, si mfukoni mwa suruali. Kwenye ndege hakikubaliwi katika mzigo wa mkononi. Na katika mkutano, kilabu ao mahali penye ugomvi, hakina kazi: pale kisu cha kazi kinaweza kugeuka kesi ao msiba kwa dakika moja.

Ajali ikitokea licha ya uangalifu wote, jeraha linabanwa kwa kitambaa safi mpaka damu isimame, kisha linaoshwa kwa maji safi na sabuni, si kwa maji ya mtumbwi. Kidonda cha kisu cha samaki kisidharauliwe. Kituo cha afya ndicho kitakachoangalia kama sindano ya pepopunda inahitajika, na kidole kisichokunjika tena ni lazima kionekane na muuguzi siku hiyohiyo.

Usiku, wavu unaposhuka

Kuna saa moja inayopima kisu kuliko zote. Wavu unashuka kwa uzito wa mawe yake, ni giza, na kamba imezunguka mguu wa mtu. Hapo hakuna muda wa kutafuta mfukoni, kukauka mikono, na kuvuta bapa kwa ukucha. Visu vingi vya kukunja vya bei ndogo vinahitaji mikono miwili ili vifunguke, na pengine mkono mmoja umeshika ukingo wa mtumbwi.

Ndiyo maana jibu la mwisho kwa mvuvi si kisu kimoja ghali, bali viwili vya kawaida. Kimoja cha kukunja, kifupi, cha inoksi, kwa samaki na kazi za kila siku. Kingine kisichokunjika, hata kiwe cha mhunzi, chenye ncha iliyokatwa butu, kilichotiwa ndani ya ala na kufungwa pahali pamoja ndani ya mtumbwi. Hicho hakikopeshwi, hakimenyi muwa, hakipasui samaki. Kila anayepanda mtumbwi anaonyeshwa kilipo kabla ya kasia la kwanza kugusa maji.

Kinaweza kukaa mwaka mzima bila kukata kitu. Siku mvuvi atakapokihitaji, mkono utakifikia gizani bila kutafuta.